Miguu ya Kwenda Nakonde

Maneno niliyasema mimi, tena niliyasema uani, wapangaji wote wakisikia. Sikatai. "Hiyo miguu yako inayokupeleka Nakonde kila kukicha, ipo siku itachoka yenyewe!" Nilikuwa na mwiko mkononi na hasira hadi kooni. Mke gani wa Tunduma hajawahi kumwambia mumewe neno la namna hiyo? Ukiwa na mume anayevuka mpaka kila siku, mdomo hauwezi kukaa kimya.

Mume wangu Enoka alikuwa anasukuma mkokoteni. Anapakia sabuni, mafuta, ndoo za plastiki, chochote kile, anavusha upande wa Zambia, anarudi na mzigo mwingine. Kazi yake ilikuwa miguu. Hilo nililijua na nililiheshimu. Ila mwaka ule, mwaka ambao Wazambia walikata sifuri kwenye kwacha yao na kila mtu akawa anababaika na chenji, Enoka alianza kuchelewa kurudi, na shati lake likawa linanuka kapenta, wale dagaa wa Zambia, wakati hakubeba kapenta. Kule sokoni Nakonde alikuwapo mama mmoja muuza kapenta, Mutale jina lake, mcheshi kupita kiasi. Akimwona Enoka anaita tangu mbali, "Mulishani mukwai!" salamu yao ya Kibemba, kwa sauti ya kuvutavuta. Niliwahi kuisikia kwa masikio yangu. Mpaka leo sijui kulikuwa na nini, na nikimwuliza Enoka anasema, "Mama Irene, yule ni mteja tu." Haya, mteja.

Basi, haikupita muda mrefu baada ya yale maneno yangu, Enoka akashikwa na homa. Tumbo linauma, kichwa kinauma, chakula hakipiti. Zahanati wakampima damu, wakasema taifodi, wakampa vidonge vya sipro. Hakuna aliyeshangaa. Kwa maji tuliyokuwa tunakunywa mtaani kwetu Sogea, asiyewahi kuambiwa ana taifodi ni mgeni aliyeshuka jana.

Mama yake kule Ndalambo aliposikia, akamtuma wifi yangu Ferista aje kunisaidia kuuguza. Ferista ni dada yake Enoka, mkubwa kwake. Aliachika, akarudi kwa mama yake, na tangu hapo akawa mtu wa kutumwa kila penye ugonjwa na kila penye msiba. Alifika na kibegi chake na mfuko wa chumvi ya Ivuna, akanikumbatia mlangoni, huku macho yake yanapita juu ya bega langu kuangalia nyumba ilivyo.

Homa iliondoka. Tulimshukuru Mungu. Lakini kabla dozi haijaisha vizuri, Enoka akaamka asubuhi, akakanyaga chini, akapiga ukelele. Visigino. Vyote viwili, kwa nyuma, pale juu ya kisigino. Akasema anahisi kama nyama ya mguu imefupishwa. Alitembea kwa kushika ukuta kwenda chooni, mwanamume aliyekuwa anasukuma mkokoteni kupanda mlima bila kuhema.

"Taifodi imeingia kwenye mifupa," Ferista akasema. Nami nilikubali, kwa sababu huku kwetu taifodi inaweza kuingia popote: kichwani, mgongoni, kwenye magoti. Akaenda duka la dawa, akaeleza, akauziwa dozi nyingine ya sipro. Hakuna kipimo wala nini. Asubuhi na jioni alikuwa anamtolea kidonge mwenyewe, anamshikia kikombe cha maji, anasubiri ameze. Wifi yangu ni mtu wa bidii, siwezi kumnyima hilo.

Maumivu yakazidi. Magoti yakaingia, bega nalo likaingia. Na hapo ndipo Ferista alipoanza kuniangalia.

Nilimsikia nikiwa naosha vyombo. Alikuwa anaongea na jirani yetu Fauzia, mwanamke wa Kondoa anayeuza vitenge, mtu asiyependa kabisa mambo ya watu. Ferista anasema, sauti chini lakini si chini sana, "Homa ilikuwa ya Mungu. Hii ya miguu ni ya mtu." Fauzia akaguna tu, akaingia ndani kwake. Baadaye alinivuta pembeni akaniambia, "Mama Irene, chunga. Wifi yako anauliza kama ni kweli ulisema miguu ya mumeo itachoka."

Nikaelewa wifi anaelekea wapi. Kwa sababu kila mtu hapa mjini anajua habari ya kumfunga mume miguu. Kuna dawa, wanasema, mke anaifukia mlangoni, mume akiiruka miguu inaisha nguvu, hatoki tena kwenda kwa wanawake wa ng'ambo. Nimeisikia habari hiyo tangu niolewe. Nimewahi kuicheka pamoja na wanawake wenzangu kisimani. Sasa nilikuwa nimeketi mimi katikati yake, na ushahidi ni mdomo wangu mwenyewe.

Nilidhani Enoka atamkatisha dada yake. Badala yake, siku iliyofuata nilimpelekea uji, akaniambia hana njaa. Nikauacha pale. Mchana nikakuta uji wangu umeganda na bakuli jingine liko tupu pembeni, la uji alioupika Ferista kwenye jiko lake dogo la mkaa nyuma ya nyumba. Kesho yake vilevile. Ugali wangu hana hamu nao, ugali wa Ferista anaumaliza. Nilikuwa mke ndani ya nyumba yangu, napika chakula na kukila peke yangu, na iliniuma kuliko kama wangenipiga.

Nami nikaanza kumchunguza Ferista. Sasa wewe jiulize: mgonjwa anakula kwa mkono wa nani? Anakunywa maji ya nani? Nani anamkanda kila jioni kwa maji ya moto na chumvi ile ya Ivuna, anamkamua visigino mpaka mgonjwa analia? Kama kuna mtu anammaliza, si mimi, mimi hata kijiko changu hakimfikii. Nikawaza mengi. Nikawaza labda Ferista anataka mdogo wake arudi Ndalambo awe karibu na mama, apate mtu wa kumlinda. Nikawaza kwa nini hasa mume wake alimrudisha kwao, maana sababu yenyewe haikuwahi kusemwa waziwazi. Alipotoka kwenda sokoni niliingia chumbani mwake, nikapekua kibegi, nikainua godoro. Nilikuta kanga mbili, Biblia, na mafuta ya kujipaka. Sikuridhika. Nilisema moyoni huyu ni mjanja, dawa yake anatembea nayo.

Asubuhi moja natoka nje, namkuta amechuchumaa mlangoni kwangu na kisu, anachimba udongo pale kwenye kizingiti.

"Unafukia nini hapo?" nikapiga kelele.

Akaruka, lakini hakukimbia. "Nafukia? Mimi natafuta ulichofukia wewe!"

"Hebu chimba basi! Chimba mpaka ufike Zambia!"

"Nitachimba, wifi. Nisipokiona mimi, watakiona wanaojua kuona."

Wapangaji wakatoka wamejifunga mashuka, mswaki mdomoni. Tuliangaliana pale, mimi na yeye, kila mmoja akiwa na hakika kwamba mwenzake ndiye mchawi. Na ndani Enoka alikuwa anatusikia.

Ndipo baba mdogo Watson akaja kutoka Ndalambo kuketi kikao. Ni mdogo wa marehemu baba mkwe wangu, mzee wa kanisa, lakini kanisa analiacha kidogo pembeni mambo yakiwa mazito. Tulikaa sebuleni, Enoka amelazwa kwenye mkeka, miguu imeinuliwa juu ya mto. Ferista akaeleza yote: homa, miguu, maneno yangu ya uani. Aliyakumbuka neno kwa neno wakati siku niliyoyasema yeye hata Tunduma hakuwapo.

"Mama Irene," baba mdogo akaniuliza, "uliyasema haya?"

"Niliyasema, baba. Ni hasira tu."

"Hasira ina mdomo, na mdomo una nguvu." Akajikuna kidevu. Kisha akatoa kauli. Enoka atapelekwa Ndalambo mwisho wa juma. Kule wapo lambalamba, wale waganga wanaozunguka vijijini kufukua uchawi majumbani. Watamtazama Enoka, na mimi nitakuwapo, na wakinikuta na kitu, nitachukua nguo zangu nirudi kwa baba yangu, na mtoto wetu Irene atabaki kwenye ukoo wa baba yake.

Nilimgeukia Enoka. Sikujali tena heshima ya kikao. "Baba Irene, na wewe unaamini nimekufunga miguu?"

Alitazama miguu yake. "Mimi nataka kutembea tu," akasema.

Basi. Miaka yote ile ya ndoa, jibu likawa hilo. Nililia pale pale mbele ya wakwe, sikujificha. Mtoto wangu wamchukue kwa sababu ya neno moja la hasira, na baba yake anataka kutembea tu.

Jioni ya siku hiyohiyo Ferista akachemsha maji, akatia chumvi, akaja na kitambaa kumkanda mdogo wake kama kawaida. Alikuwa ameshampa kidonge cha dozi ya tatu. Baba mdogo alikuwa nje anakunywa chai, mimi nipo mlangoni nimesimama tu. Ferista akakamata mguu wa kulia, akaegemeza uzito wake, akausukuma unyayo kwa nguvu kwenda juu ili, kwa maneno yake, mshipa ufunguke. Nikasikia mlio. Ulikuwa kama mtu amevunja kuni kavu. Enoka hakulia mara moja, alifungua mdomo kwanza, halafu ndipo sauti ikatoka. Ferista akaachia mguu ule, ukaning'inia ovyo, na yeye akarudi nyuma mpaka ukutani akiwa ameshika mikono yake yote miwili kifuani.

Safari ya Ndalambo haikutajwa tena. Tulimpakia kwenye gari la mtu, tukamkimbiza hospitali ya misheni upande wa Mbozi, mimi, Ferista na baba mdogo.

Daktari alikuwa kijana wa Kinyakyusa, Tuntufye, mpole, mwenye kurudia swali mpaka alijue jibu lake. Alimlaza Enoka kifudifudi, akambinya kigimbi cha kushoto, unyayo ukacheza. Akambinya kigimbi cha kulia, unyayo ukatulia tuli. Akavuta kiti.

"Kabla ya miguu kuanza kuuma, alikuwa anatumia dawa gani?"

Ferista akafungua pochi kwa haraka, na kwa fahari kidogo, akatoa pakiti. "Sipro, dokta. Hajakosa hata siku moja. Amemaliza dozi mbili, hii ni ya tatu. Nampa mwenyewe."

Daktari akaishika ile pakiti, akaigeuza. "Kipimo cha pili mlipima?"

"Hapana. Miguu ilikuwa inauma, tukajua taifodi bado ipo."

Akatueleza taratibu. Kwamba dawa ile ni nzuri, inaua vijidudu vya taifodi, na watu wengi huimeza na kupona bila shida. Lakini wapo wachache ambao inawadhuru viungo na kano, yaani ile kamba nene inayoshika kigimbi na kisigino. Kano inauma, inalegea, na mtu akiendelea na dawa na kubebeshwa uzito au kukamuliwa, inaweza kukatika. Akasema maumivu yale ya kwanza yalikuwa dalili ya kuacha dawa na kurudi hospitali. Sisi tuliyajibu kwa dawa ileile.

"Ina maana hakufungwa?" baba mdogo akauliza.

"Kufungwa na nani, mzee?"

Baba mdogo akakohoa, akatazama dirishani. Mimi nilitaka kupiga vigelegele humo humo wodini. Nilitaka nitoke nje nimwambie kila mgonjwa aliyekaa kwenye benchi. Kisha nikamwona Ferista. Alikuwa bado amenyoosha mkono ili pakiti irudishwe, na hakuna aliyemrudishia.

Enoka alifungwa plasta ngumu, ile tunayoiita hogo, unyayo umeelekezwa chini kama mtu anayechungulia juu ya ukuta. Akaambiwa kukandwa marufuku, mkokoteni marufuku, sipro asiiguse tena maisha yake, na kila hospitali atakayoingia aseme hivyo kabla hajaandikiwa dawa. Tukarudi nyumbani kuanza kazi ya kupona, ambayo ni kazi hasa. Kwanza kulala na mguu juu. Kisha magongo. Hogo lilipotolewa, mguu ulikuwa mwembamba, ngozi imekauka, na Enoka akaogopa kuukanyagia kama vile si wa kwake. Daktari alimfundisha kuvuta unyayo polepole kwa kipande cha kanga, kusimama akishika meza, kuinua visigino kidogo na kuvishusha. Kuna asubuhi aliamka mzima, akajisahau, akatembea mpaka dukani, na jioni yake analia tena. Goti likipona, bega linakumbusha. Alikuwa mkali, analaumu magongo, analaumu kiti. Kila kidonge alichopewa, hata cha kutuliza maumivu, alikigeuzageuza mkononi na kuuliza kilitoka wapi.

Na chakula changu akaanza kukila. Alianza siku ileile tuliyorudi kutoka hospitali, bila kusema samahani, akasogeza bakuli langu na kulamba mpaka chini. Nilifurahi, kwa nini nidanganye? Ila niligundua kitu kingine. Bakuli la Ferista sasa ndilo lililoganda.

Enoka alijua daktari alisema nini. Alimsikia kwa masikio yake. Lakini usiku anaponyoosha mguu na maumivu yakampitia, akili yake haikwenda kwenye kano wala vijidudu. Ilikwenda kwenye ile mikono. "Lakini Mama Irene," aliniambia, "vidonge vyote vile vilipita mkononi mwa nani? Na mguu ulikatika ukiwa mkononi mwa nani?" Nilimwambia aache. Sikumwambia kwa nguvu sana.

Maneno yakafika Ndalambo, na Enoka akiwa ameanza kutembea na gongo moja, baba mdogo Watson akarudi kuketi kikao kingine. Safari hii alinipa kiti mimi, na Ferista akakaa chini kwenye mkeka. Sebule ileile, mzee yuleyule, kauli zilezile, jina tu ndilo lililobadilishwa. Akaulizwa aliinunua dawa duka gani. Akaulizwa muuzaji anamfahamu vipi. Akaulizwa, na hili lilimfanya ainamishe kichwa, mume wake alimrudisha kwa sababu gani hasa, maana kule kwa mume pia iliwahi kusemwa kuna mtu aliugua.

"Nilimpa dawa apone," Ferista akasema. "Ni ndugu yangu wa tumbo moja. Nimpe dawa afe?"

"Hatujasema umemuua," baba mdogo akajibu. "Tunasema mama yako amezeeka, na wewe unampikia. Tunaogopa. Ukoo umeona utafute pa kukaa."

Ferista hakuwa na pa kukaa. Kila mtu mle ndani alilijua hilo. Kwa mume alishatoka, kwa mama anatolewa, na kwetu ndiko anakoshitakiwa. Baba mdogo akanigeukia. "Mama Irene, wewe ndiye uliyeonewa. Wewe ulikaa naye nyumba moja. Uliona nini?"

Niliona mengi, si nilimchunguza? Ningeweza kusema kuhusu kisu na kizingiti, na jinsi alivyojitenga kupika. Yote yalikuwa kweli, na kweli hiyo ingetosha kumtupa barabarani. Yeye asingesita kunifanyia hivyo, alikwisha kunifanyia. Nilimtazama akiwa pale mkekani na nilimchukia, nasema wazi. Kisha nikatazama katikati ya sebule. Ferista alikuwa amewapikia wageni tangu asubuhi: ugali, maharage, na majani ya maboga. Sahani zilikuwa zimefunikwa vizuri, zinatoa mvuke kidogo. Hakuna hata mmoja aliyefunua. Baba mdogo, ambaye hajawahi kuacha chakula kipite, alisema amekula njiani.

Nikainuka kwenye kiti. Nikanawa mikono, nikakaa chini mkekani karibu na Ferista, nikafunua sahani. "Niliona anampa mdogo wake dawa kama alivyoambiwa dukani," nikasema. "Basi." Nikamega ugali, nikachovya kwenye maharage, nikatia mdomoni.

Wote walinitazama. Na nikaogopa, jamani. Daktari Tuntufye nilimwelewa, ningeweza kumrudia neno kwa neno. Na bado ulimi wangu ulianza kutafuta ladha ngeni ndani ya maharage yale, na nikasikilizia tumbo langu. Nikajua sasa Enoka alikuwa anahisi nini alipokuwa anatazama uji wangu ukiganda. Hakuwa ananichukia. Alikuwa ananiogopa hivi hivi, mimi mke wake.

Nikalazimisha, nikameza.

"Unaogopa," Ferista akaninong'oneza, macho yake hayajanyanyuka.

"Naogopa," nikamwambia. "Sogeza majani hayo." Akasogeza sahani, nami nikamega tonge la pili.